CP-SAT ya OR-Tools kwenye kazi za kupanga vitu: inapong'ara na inapokwama

Ukiwa na vipande vya mstatili vya kupanga juu ya ubao, mashine pepe za kugawa kwenye seva, au maghala ya kuchagulia mahali, na hutaki kulipia leseni, CP-SAT ndiyo solva (programu inayotafuta jibu bora linalotimiza masharti uliyoyaandika) ya kujaribu kwanza. Imo ndani ya OR-Tools, maktaba ya Google yenye leseni ya Apache 2.0, na unaweza kuitumia kutoka Python, C++, Java au C#. Unaandika `pip install ortools`, basi, kazi imeanza. Kwenye mashindano ya solva ya MiniZinc Challenge imekuwa ikizoa medali za dhahabu tangu 2018. Sifa hiyo inaistahili, ila mashindano yale huchanganya matatizo ya kila namna, na upangaji wa vitu kwenye nafasi una ukorofi wake. Tathmini hii inaishia kwenye upangaji huo tu.

Ndani yake mna mambo matatu yaliyounganishwa: utafutaji wa SAT, yaani wa mantiki ya ndiyo au hapana, unaojifunza kutokana na kila njia iliyofeli, ukaguzi wa masharti unaopunguza thamani zinazowezekana, na hesabu ya mistari ya LP (tatizo likilegezwa ili liruhusu desimali) inayotoa kikomo cha chini, yaani thamani ambayo hakuna jibu linaloweza kushuka chini yake. Thredi kadhaa hukimbia kwa pamoja, kila moja ikiwa na mbinu yake, na zinapeana taarifa njiani. Kwa mtumiaji maana yake ni kwamba hulazimiki kuandika algoriti ya utafutaji. Unaeleza masharti tu. Lakini namna unavyoyaeleza ndiyo inayoamua kama jibu litakuja ndani ya sekunde mbili au halitakuja kabisa, na hapo ndipo watu wengi wanapoilaumu solva kwa kosa la modeli.

Mistatili kwenye ubao

Hapa ndipo CP-SAT ilipo nyumbani. Kila kipande kinapewa vigeu viwili, x na y, na intavali mbili (mwanzo, ukubwa na mwisho), moja ya kila mhimili. Kisha sharti moja, `add_no_overlap_2d`, linakataza vipande vyote kupandana. Kipande kisichogeuzwa kina ukubwa usiobadilika, kwa hiyo `new_fixed_size_interval_var` inatosha.

Kipande kinachoweza kugeuzwa nyuzi 90 ndicho kinachowakwaza wanaoanza. Wanaandika upana kama `a + (b - a) * r`, ambapo r ni kigeu cha ndiyo au hapana, na hilo ni sahihi. Kisha mwisho wa intavali wanauandika `x + upana`, na maktaba inakataa. Sababu ni kwamba mwanzo, ukubwa na mwisho wa intavali, kila kimoja kinaruhusiwa kuwa na kigeu kimoja tu, kikizidishwa na kujumlishwa na namba isiyobadilika. `x + upana` ina vigeu viwili, x na r. Dawa yake ni kutengeneza kigeu cha tatu cha mwisho na kukipa intavali. Intavali yenyewe ndiyo italazimisha mwanzo ukijumlishwa na ukubwa uwe sawa na mwisho. Njia mbadala ni jozi mbili za intavali za hiari, yaani zinazoweza kuwashwa au kuzimwa, moja ya kipande kilicholala na nyingine ya kilichosimama, zikiwashwa na r na kinyume chake. Ya kwanza ina vigeu vichache. Ya pili ni rahisi zaidi pale ambapo eneo linaloruhusiwa linabadilika kufuatana na namna kipande kilivyogeuzwa. Kipande cha mraba kisipewe r kabisa. Kukiacha nayo ni kumzidishia solva kazi maradufu bila faida yoyote.

CP-SAT haijui desimali. Kila kitu ni namba kamili, na kwenye upangaji hilo ni neema zaidi kuliko kero, kwa sababu linakulazimisha uamue usahihi unaoutaka tangu mwanzo. Msumeno ukila milimita 3.2, badilisha vipimo vyote viwe sehemu za kumi za milimita. Vipimo vyote vikigawanyika kwa 5, vigawe.

Upana wa mkato wa msumeno unaongezwa kwenye kila kipande na kwenye ubao wenyewe pia. Hili la pili husahaulika sana. Chukua ubao wa milimita 2440 kwa 1220, msumeno unaokula 3, na vipande vyenye upana wa 811. Vitatu mfululizo vinahitaji mara tatu ya 811 na mikato miwili, yaani 2439, vinaenea. Ukiongeza 3 kwenye kila kipande pekee unapata 2442, na modeli inakwambia haiwezekani. Ukiufanya ubao uwe 2443 kwa 1223, hesabu inakubali, kwa kuwa mkato wa kipande cha mwisho unaangukia nje ya ubao. Asiyeongeza mkato popote ana hasara kubwa zaidi: vipande vinne vya 610 vitaonekana vinajaza 2440 barabara, na fundi atakuja kugundua kwamba cha nne kimepungukiwa milimita tisa.

Mbao zaidi ya moja

`add_no_overlap_2d` haina dhana ya mbao nyingi. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni intavali ya hiari kwa kila kipande na kila ubao, pamoja na `add_exactly_one` ili kipande kiwe kwenye ubao mmoja tu. Vipande 60 na mbao 8 vinakupa uwezekano 480 kwa kila mhimili, na solva inaanza kuhema. Ya pili ni kuzipanga mbao zote bega kwa bega kwenye mhimili wa x mmoja mrefu, kisha kumpa x wa kila kipande eneo lenye mapengo kwa `Domain.from_intervals`: kutoka 0 hadi W kutoa w, kutoka W hadi 2W kutoa w, na kuendelea. Mapengo hayo ndiyo yanayozuia kipande kukalia mpaka wa mbao mbili. Sharti linabaki moja na vigeu havifurutuki. Vipande vinavyogeuzwa vinahitaji maeneo mawili, na hapo ile njia ya jozi za hiari inajilipa.

Hata hivyo, mbao zikizidi tano au sita hivi, gawa kazi: kwanza amua kipande kipi kinaenda ubao upi kwa kuangalia eneo tu, kisha hakiki kila ubao peke yake kwa modeli ya pande mbili. Ubao ukikataa mchanganyiko fulani, rudisha sharti linaloukataza na uanze tena. Ni kazi ya ziada ya msimbo, lakini ndiyo njia inayofikia vipande mia na zaidi.

Kuisaidia solva

Bila msaada, solva hujaribu mpangilio uleule katika sura nyingi. Vipande vinavyofanana vinatakiwa kupangwa: x wa kwanza usizidi x wa pili, na kuendelea. Kitovu cha kipande kikubwa kuliko vyote kinaweza kufungiwa kwenye robo ya chini kushoto, kwa kuwa mpangilio wowote unaweza kupinduliwa kulia kushoto na juu chini. Angalia vizuri lakini: hilo ni kweli pale tu ubao ulipo safi. Ukiwa na fundo, tundu au eneo lililokatazwa, kupindua kunahamisha kasoro, na sharti lako linafuta majibu halali. Solva haitalalamika. Itatangaza OPTIMAL kwa moyo mkunjufu juu ya jibu ambalo si bora.

Msaada wa pili ni sharti la `add_cumulative` kwa kila mhimili: intavali za x zikiwa na urefu wa vipande kama mahitaji, na urefu wa ubao kama uwezo, kisha kinyume chake. Halibadilishi majibu, linaongeza tu macho ya kuona mapema kwamba eneo limejaa. Vigezo vya `use_energetic_reasoning_in_no_overlap_2d` na `use_timetabling_in_no_overlap_2d` vinafanya kazi inayokaribiana na hiyo kutoka ndani; viwashe wakati nafasi ni finyu na vipande vinakaribia kujaza ubao. Nafasi ikiwa tele, vinakula muda bure.

Usitarajie miujiza kwenye kikomo cha chini. Jumla ya miraba yenye pande 1 hadi 24 ni 4900, sawasawa na mraba wenye upande wa 70, na bado miraba hiyo 24 haiwezi kuenea ndani yake bila kupandana. Hesabu ya eneo inasema inawezekana, jiometri inakataa. Matatizo ya namna hii, ambako nafasi inayobaki ni sifuri au karibu na sifuri, ndiyo yanayoweza kuikalisha CP-SAT usiku kucha pasipo jibu la ndiyo wala la hapana. Ukibakiwa na asilimia kumi ya nafasi tupu, vipande thelathini si kitu.

Jibu sahihi lisilokatika

Hii ndiyo kasoro inayoumiza zaidi karakana. Msumeno wa paneli hukata kutoka ukingo hadi ukingo. CP-SAT haijui hilo. Chukua mraba wa 3 kwa 3, vipande viwili vya 2 kwa 1 vilivyolala, viwili vilivyosimama, na kimoja cha 1 kwa 1, na nyuzi za mbao haziruhusu kugeuza. Mpangilio uliopo ni ule wa vipande vinne kuzunguka kidogo cha katikati kama pangaboi. Kila kitu kinaenea, eneo lote limetumika, na hakuna mstari hata mmoja unaoweza kupita toka upande mmoja hadi mwingine bila kupasua kipande. Solva imejibu kweli. Msumeno hauwezi kulifuata jibu.

Kuongeza sharti la mkato wa ukingo kwa ukingo juu ya `add_no_overlap_2d` ni mateso. Badilisha modeli: gawa ubao kuwa mikanda, kila mkanda na urefu wake, kisha vipande ndani ya mkanda. Hatua mbili au tatu za kukata zinatosha kwa karakana nyingi. Na kama oda ina ukubwa wa aina chache lakini idadi kubwa, achana na CP-SAT kwa kazi hiyo. Mbinu ya kuzalisha michoro ya ukataji, ile ya Gilmore na Gomory ya miaka ya 1960, bado inaishinda. Kwa mashine ya CNC, leza au maji, kasoro hii haipo.

Maumbo yasiyo mistatili nayo yako nje. Umbo la L linaweza kuwa mistatili miwili inayotumia x na y zilezile zikiongezwa umbali usiobadilika, na hilo linakwenda vizuri. Duara, ngozi, vipande vya nguo: tafuta programu nyingine.

Mashine pepe kwenye seva

Hapa hakuna jiometri. Kila mashine ina mahitaji ya prosesa na memori, kila seva ina uwezo, na unataka seva chache. Vigeu ni vya ndiyo au hapana, masharti ni jumla tu, na CP-SAT inavila kwa raha. Masharti ya nakala mbili za huduma moja kutokaa seva moja yanaandikwa kwa `add_at_most_one`, mstari mmoja kwa kila seva. Seva zinazofanana zipangwe: seva ya pili isiwashwe kabla ya ya kwanza.

Kabla ya kuileta, jiulize kama unaihitaji kweli. Kupanga vitu kuanzia kikubwa na kuweka kila kimoja kwenye nafasi ya kwanza kinapoenea ni mistari kumi ya msimbo, na kwa rasilimali moja imethibitishwa kwamba haitumii zaidi ya mara 11/9 ya idadi bora, ukiongeza 6/9. Kikomo hicho kilithibitishwa na György Dósa mwaka 2007. Rasilimali zikiwa mbili au tatu dhamana hiyo haipo tena, na masharti ya kutenganisha nakala yanaichanganya zaidi. Hapo ndipo CP-SAT inapopata nafasi yake.

Tatizo linalojitokeza baada ya kuiweka kazini ni uhamishaji. Ukiiendesha upya kila inapoongezeka mashine moja, jibu jipya bora linaweza kuwahamisha nusu ya wakazi ili kuokoa seva moja. Weka adhabu ya uhamishaji kwenye lengo, au tatua kwa hatua: tafuta idadi ndogo ya seva, ifunge, kisha punguza uhamishaji. Hatua mbili ni bora kuliko lengo moja lenye uzito wa milioni mbele na moja nyuma. Uzito mkubwa unachelewesha kikomo cha chini, na ukizidi sana jumla inaweza kuvuka bita 64, ambapo solva itarudisha MODEL_INVALID kabla hata ya kuanza kutafuta.

Maghala, viwanda na nyaya

Kuchagua maghala ya kufungua na wateja wa kuyagawia: inafanya kazi, ila mshindani yumo humohumo ndani ya OR-Tools. Solva za HiGHS na SCIP kwa kawaida huwa na kikomo bora kwenye tatizo hili, kwa sababu LP yake ni nzuri. Kwa solva yoyote, andika sharti kwa kila mteja na kila ghala: mteja asipewe ghala ambalo halijafunguliwa. Usiliunganishe kuwa jumla moja ya wateja wote chini ya idadi yao mara kigeu cha ghala. Mistari inapungua, LP inalegea, na muda unaongezeka.

Kugawa vitengo kwenye nafasi pale gharama inapozidisha mtiririko na umbali wa kila jozi ni habari nyingine. Koopmans na Beckmann walilieleza mwaka 1957. Mfano mmoja wa vitengo 30 uliotolewa mwaka 1968 ulithibitishwa jibu lake bora mwaka 2000 tu, kwa mtandao wa mamia ya kompyuta zilizofanya kazi kwa siku saba. CP-SAT haitakufikisha huko. Tumia utafutaji wa kubadilishana jozi wenye orodha ya miiko, upate jibu zuri, na usiahidi uthibitisho.

Bloku za chipu au vipuri vya bodi ya saketi, ukipunguza urefu wa nyaya, vina ugonjwa uleule: LP hujua tu kuvirundika vyote sehemu moja, ambako nyaya ni sifuri, kwa hiyo kikomo cha chini kinabaki chini kabisa huku jibu likiendelea kuboreka. Bloku kumi na kitu unaweza kuthibitisha. Hamsini, utapata jibu linalofaa na pengo lisilofunga. Kwa kila waya, andika kigeu cha upeo kisichopungua nafasi ya pini yoyote na cha chini kisichozidi. Lengo litavibana lenyewe, huhitaji `add_max_equality`. Umbali wa lazima ulio tofauti kwa jozi tofauti za vipuri unavunja ujanja wa kuvimbisha mistatili, ule tulioutumia kwa mkato wa msumeno, na unalazimika kuandika chaguo nne kwa kila jozi: kushoto, kulia, juu, chini. Vipuri 40 ni jozi 780, yaani vigeu 3120. Bado inabebeka. Seli milioni za chipu nzima hazibebeki. Kazi hiyo ni ya zana kama DREAMPlace, ya mwaka 2019, inayolichukulia tatizo kama mafunzo ya neva na kulisukuma kwenye GPU.

Kuiendesha

Weka `max_time_in_seconds` kila mara, na `log_search_progress` ikiwa kweli hadi modeli itakapokomaa. Kwenye logi tazama safu mbili: jibu bora na kikomo. Jibu likiganda mapema huku kikomo kikipanda taratibu, huenda tayari una jibu bora na unalipia uthibitisho tu. `relative_gap_limit` ya 0.01 au 0.02 itakuokolea muda. Kikomo kikiganda tangu sekunde ya kwanza, ongeza masharti ya msaada badala ya dakika.

`num_workers` isiwe chini ya 8 ikiwa mashine inaruhusu, kwa sababu mchanganyiko wa mbinu unakatika. Ndani ya kontena iandike mwenyewe. Ukiiacha, solva inaweza kuhesabu viini vyote vya mashine mwenyeji na thredi zikaanza kugombania mgao mdogo. Majibu ya thredi nyingi hayarudii sawasawa hata `random_seed` ikiwa ileile. Majaribio ya kiotomatiki yanayolinganisha nafasi za vipande yatavunjika siku yoyote. Linganisha thamani ya lengo, au washa `interleave_search` na ukubali kupoteza kasi.

UNKNOWN (haijulikani) si INFEASIBLE (haiwezekani). Ya kwanza inamaanisha muda umeisha bila jibu wala uthibitisho, na msimbo unaozichanganya utamwambia mteja kwamba oda yake haiwezekani. FEASIBLE (jibu halali) nayo si OPTIMAL (jibu bora). Soma `best_objective_bound` kabla ya kusifu.

`add_hint`, yaani kumpa solva dokezo la jibu la kuanzia, inafaa sana kwenye upangaji, kwa sababu njia rahisi ya kujaza kutoka chini kushoto hukupa mpangilio halali kwa milisekunde. Mpe vigeu vyote, pamoja na mwisho wa intavali, r na vya nyaya. Dokezo lenye mapengo linamwachia solva kulikamilisha, na pengine analitupa. Na solva ikitangaza INFEASIBLE huku una mpangilio halali mkononi, mpe huo mpangilio kama dokezo, washa `fix_variables_to_their_hinted_value`, kisha ondoa masharti moja baada ya jingine. Lile ambalo likiondolewa jibu linapita ndilo uliloliandika vibaya.

Nyaraka zake ndiyo sehemu dhaifu. Mifano mingi ni ya ratiba za kazi, vigezo vya pande mbili vimeelezwa kwa maoni mafupi ndani ya faili la vigezo, na majina ya mbinu za Python yamebadilika kutoka `AddNoOverlap2D` hadi `add_no_overlap_2d`, hivyo mifano ya zamani na mipya inaonekana kama ya maktaba mbili. Majina ya kale bado yanakubalika. Chagua mtindo mmoja, na funga namba ya toleo kwenye mradi, maana toleo jipya linaweza kukupa mpangilio tofauti wenye thamani ileile.